Wauza PC za kuunda hapa Dar, andikeni namba kamili ya kila kifaa! Tumechoka kuuziwa jina la "Core i7"

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Nimechoka kuona tangazo la "PC ya kazi nzito, Core i7, RAM 16, GPU 4GB, SSD 256, pawa 600W, bei maelewano" na maelezo yanaishia hapo hapo. Core i7 ipi? RAM ya DDR ngapi, yaani kizazi kipi? GPU (kadi ya picha) ya mwaka gani? Pawa saplai (kile kifaa kinacholisha mashine umeme) katengeneza nani? Ukiuliza kwenye WhatsApp unajibiwa "bosi mashine ni moto, njoo dukani uione kwa macho". Unaenda Kariakoo, unakuta kasha la kioo, feni zinawaka rangi zote, na kadi kubwa imekaa ndani inapendeza, lakini hakuna mtu dukani anayekutajia namba ya kifaa hata kimoja.

Tuanze na hiyo i7 maana ndio inayowamaliza watu wengi. Intel wametoa i7 ya kwanza 2008. Kuna i7-2600 ya 2011 na kuna i7-14700K ya 2023, kwenye stika ya duka zote zinaandikwa "Core i7" basi. Hiyo 2600 ina kori 4 (vichwa vya kufanyia kazi) na thredi 8 (kazi inazoshika kwa mpigo). Sasa chukua i3-12100 iliyotoka mwanzoni mwa 2022, nayo ina kori 4 na thredi 8, ila kila kori yake inafanya kazi karibu mara mbili ya zile za 2600, inatumia umeme kidogo na inakaa kwenye bodi ya kisasa. Lakini muuzaji akiziweka meza moja, mteja asiyejua atakimbilia i7 kwa sababu 7 ni kubwa kuliko 3, na muuzaji anajua hivyo, ndio maana namba zinazofuata baada ya i7 hazitaji.

Na ukishanunua hiyo 2600 umenunua pamoja na mazabodi yake (bodi kuu inayobeba vifaa vyote), mara nyingi aina ya H61. Hii bodi ina nafasi mbili tu za RAM na mwisho wake ni GB 16, kwa hiyo ile "RAM 16" uliyosifiwa ndio dari, huongezi tena maisha yako yote. SATA yake (njia ya kuchomekea diski) ni ile ya 3Gb/s, SSD mpya yenye uwezo wa kusoma zaidi ya MB 500 kwa sekunde unaichomeka pale inakwama chini ya 300. USB 3 ya kwake yenyewe haina. Windows 11 haiikubali rasmi kwa sababu Microsoft wanataka kuanzia jenereshi ya 8 kwa Intel pamoja na TPM 2.0 (kitu cha usalama ndani ya mashine), na Windows 10 sapoti imeisha tarehe 14 Oktoba 2025. Unamuuziaje mtu anayeanza biashara kitu kama hicho na unamwambia ni mashine ya miaka kumi mbele?

Sasa kilichonileta hapa. Mdogo wangu anashuti harusi, send-off na kipaimara. Alikuwa anaediti kwenye laptop ya kuazima, akajichanga mpaka akapata milioni moja na nusu, akaenda duka moja Kariakoo (jina siweki, siko hapa kuharibiana biashara, nataka mambo yabadilike), akawaeleza vizuri tu kwamba ni kazi ya video, akawaambia na kamera anayotumia. Wakamuundia. Kwenye karatasi ya mkono wakaandika "i7, 16GB, GTX 1050 Ti 4GB, PSU 600W". Mashine ikawa inazima katikati ya kurenda (kutoa video iliyokamilika), DaVinci Resolve, programu yake ya kuediti, ikawa inagoma hata kufunguka, akirudi dukani anaambiwa apige Windows upya. Akapiga, ikazima tena. Akaniletea.

Nikafungua GPU-Z. Hii programu ya kusoma kadi ya picha ni ya bure na toka 2018 ina uwezo wa kugundua kadi za NVIDIA zilizochakachuliwa, ikaandika FAKE mbele ya jina la kadi. Nikafungua feni na hitsinki (chuma cha kupoza), chipu iliyokuwa pale ni GF106, yaani GTS 450, kadi ya Septemba 2010! Kuna watu wanachukua hizi kadi za zamani, wanaandika biosi (programu ya ndani ya kadi) upya ili kompyuta isome "GTX 1050 Ti 4GB", wanabandika stika mpya. 1050 Ti halisi ni ya 2016 na ina CUDA kori (vitengo vya kukokotoa) 768, hii ina 192. Memori yake ya kweli ni GB 1, kwa hiyo ukiigusa zaidi ya hapo mashine inaganda au inazima. NVIDIA wenyewe waliacha kutoa draiva mpya za gemu kwa familia ya Fermi, ambayo ndiyo ya hii GTS 450, mwaka 2018. Ndio maana Resolve iligoma, na dogo alikuwa anaambiwa tatizo ni Windows.

Na hii ilionekana kwa macho kabla hata ya kuwasha. 1050 Ti na ndugu zake wote wa familia ya Pascal hazitoi VGA (waya wa skrini wa zamani), NVIDIA waliondoa. Ile kadi ilikuwa na tundu la VGA la bluu nyuma pale. 1050 Ti inakula wati 75, nyingi hazihitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai, hii ilikuwa imechomekwa waya wa pini 6. Mtu anayeunda kompyuta kila siku anashindwaje kuyaona hayo? Simwamini akiniambia hakujua.

Tuje kwenye pawa saplai, hapa ndio damu inanichemka. Kwa nje 600W kwa maandishi makubwa. Kwa pembeni kuna kile kijedwali kidogo, soma mstari wa +12V maana prosesa na GPU zinakula kutoka huko: ampea 18. Zidisha mwenyewe, 12 mara 18 ni wati 216. Hiyo ndio nguvu yake kwa kazi inayohitajika, na hapo ni kama stika yenyewe inasema kweli. Sasa i7 aliyopewa dogo ni hiyo hiyo 2600, wati 95, GTS 450 ni wati 106, jumla 201, bado hujaweka diski, feni na bodi yenyewe. Mashine ilikuwa inaendeshwa ukingoni kila siku. Ingekuwa kadi halisi ya wati 75 labda ingevumilia, lakini walimpa kadi feki inayokula zaidi na pawa saplai ya uongo ya kuilisha, vyote viwili kwenye kasha moja. Siku moja ikalia pa, moshi, ikaondoka na hadi diski. Kwenye ile diski kulikuwa na harusi ya watu ambayo bado hajaikabidhi. Harusi hairudiwi jamani! Bwana harusi anapiga simu mpaka leo na dogo amerudisha hela yote, na hata hivyo yule mama wa bibi harusi hatakaa amsamehe.

Unajua dukani wamejibu nini? "Umeme wa kwenu unacheza." Na kwamba waranti ilikuwa wiki moja, na kwenye karatasi imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ndio, umeme unacheza, kila mtu anajua, na kwa sababu hiyo hiyo pawa saplai ndio kifaa cha mwisho cha kubana hela. Pawa saplai nzuri ina kinga ya volti kupanda na ya mzigo kuzidi, ikizidiwa inajizima yenyewe na vya ndani vinapona. Tena msidanganywe na neno 80 Plus peke yake, ile alama inapima ufanisi, umeme kiasi gani unapotea kwa joto, haipimi kinga. Na zile zenye swichi nyekundu ya 115 na 230, hakikisha imekaa 230 kabla ya kuchomeka ukutani, ikiwa 115 kwa umeme wetu inaungua palepale.

Kuna na hizi kadi zilizotoka kwenye kuchimba sarafu za mtandaoni. Ethereum iliacha uchimbaji wa GPU tarehe 15 Septemba 2022, kadi zikamwagika sokoni dunia nzima. Kuuza used siyo dhambi, mimi mwenyewe natumia used, ila iite used. Usiipige brashi ukaniambia mpya kutoka Dubai. Halafu RX 580 nyingi zinazokuja kutoka China ni ile ya 2048SP (vitengo 2048 vya kukokotoa) ambayo kiundani ni RX 570, ile 580 kamili ina 2304. Hata GT 1030 ziko mbili, yenye GDDR5 na yenye DDR4, na ya DDR4 memori yake inapitisha kama theluthi moja tu ya mwenzake. Boksi linafanana, bei wanalinganisha.

Kuna mtu atakuja hapa aseme mteja ndio wa kulaumiwa hakusoma. Hapana mkuu. Mtu anayeshuti harusi kazi yake ni kushuti harusi, alimlipa mtaalamu amchagulie, na huyo mtaalamu alichukua hela ya ufundi. Daktari akikupa dawa iliyokwisha muda hatusemi mgonjwa angesomea famasia kwanza. Na sheria ipo, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji na FCC (Tume ya Ushindani) ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia, sisi tunapeleka malalamiko huko wiki hii. Ila tunaenda na kikaratasi cha mkono kwa sababu walimwambia ukitaka risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) bei inapanda. Daini risiti wakuu, tena yenye majina kamili ya vifaa, isiyoandikwa "computer set" basi.

Ninachowataka wauzaji ni kitu kidogo sana na hakiwagharimu hata mia: andika i7 ngapi mpaka herufi ya mwisho, bodi gani, RAM DDR ngapi na vijiti vingapi, GPU jina lote na memori ya aina gani, pawa saplai kampuni na modeli. Mistari mitano. Wapo mafundi waaminifu mjini wanaofanya hivyo na wanakosa wateja kwa sababu jirani yake anaandika "i7 600W" kwa bei ya chini.

EDIT: wengi mmeniuliza PM dogo angechukua nini kwa hela ile ile. Kwa video ningeanza na i5-12400, angalieni isiwe 12400F, ile F haina grafiki za ndani, na hizo grafiki za Intel kuanzia jenereshi ya 11 ndizo zinazofungua vizuri H.265 ya biti 10 ya 4:2:2 (aina ya video nzito yenye rangi nyingi) inayotoka kwenye kamera kama Sony a7 IV, kitu ambacho kadi za NVIDIA zimeanza kukiweza kwenye RTX za mfululizo wa 50 tu. Bodi ya B660, RAM vijiti viwili vya 8 kuliko kimoja cha 16, SSD ya NVMe (ile ya kasi kuliko SATA), pawa saplai ya kampuni inayojulikana ambayo +12V yake inakaribia wati zilizoandikwa kwa nje, na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika). GPU isubiri hela ikipatikana. Na kabla ya kulipa mwambie muuzaji awashe mashine, afungue CPU-Z (ya kusoma prosesa) na GPU-Z mbele yako, piga picha skrini zote mbili pamoja na stika ya pawa saplai. Akikataa, ondoka.