Majirani wa Louisville, Marekani: saa 48 za meya

Mama Neema: Habari za jioni majirani. Kuna sauti inazunguka tangu asubuhi, eti meya ametuuza kwa uhamiaji, polisi wa jiji wataanza kusimamisha kila mtu mwenye lafudhi. Binti yangu ameisikiliza, leo hakwenda kazini. Espoir, wewe unatafsiri mahakamani. Tueleze.

Espoir: Pole Mama Neema. Nusu ni kweli, nusu ni uongo, na ule uongo ndio unaotia watu hofu. Meya Greenberg alitangaza Julai 2025 kwamba jela ya jiji itarudi kuheshimu ombi la saa 48 la uhamiaji, kama ilivyokuwa kabla ya 2017. Polisi wa mitaani hawajapewa kazi ya uhamiaji, hilo amelisema wazi. Mwambie binti aende kazini.

Baba Rehema: Saa 48 za nini?

Espoir: Mtu akikamatwa kwa kosa lolote akapelekwa jela, anachukuliwa alama za vidole. Zinakwenda FBI, na kutoka huko zinafika uhamiaji, jela ipende isipende. Uhamiaji wakimtaka wanatuma karatasi: tujulisheni kabla hajatoka, na mshikilieni hadi saa 48 baada ya muda ambao angeachiwa. Hata kama familia imeshalipa dhamana. Anayesaini karatasi hiyo ni ofisa wa uhamiaji, si jaji.

Mzee Bahati: Na meya amekubali?

Espoir: Ndiyo Mzee. Wizara ya Sheria ililiweka jiji kwenye orodha ya miji inayokinga wahamiaji. Amesema miji ya namna hiyo inaweza kukosa mamia ya mamilioni ya dola za serikali kuu, tena inavamiwa na maofisa wenye barakoa. Akaona bora jiji litoke kwenye orodha.

Baba Rehema: Mimi simlaumu sana. Mke wangu anapanda basi la jiji, TARC, saa kumi alfajiri kwenda ghalani. Basi likikatwa, kazi imekwisha.

Mzee Bahati: Pesa hizo ni kodi yetu, Baba Rehema. Mkeo akilipwa, wanakata kabla hajauona mshahara. Halafu tunatishwa nazo!

Espoir: Mzee, hapo ndipo sheria ilipo. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ilikubali serikali kuu izuie asilimia 5 ya pesa za barabara kwa jimbo linaloruhusu vijana chini ya miaka 21 kununua pombe. Lakini sharti lile lilipitishwa na Bunge, likaandikwa waziwazi, na lilihusu barabara kwa sababu vijana walikuwa wanalewa na kufa kwenye magari. Basi la mama Rehema linahusiana nini na nani anashikiliwa jela? Na hapa sharti limewekwa kwa amri ya rais. Jaji Orrick wa San Francisco alizuia amri kama hiyo 2017, na Aprili 2025 akazuia tena. Ila zuio lake linalinda miji iliyokwenda mahakamani. Sisi hatukwenda.

Mzee Bahati: Tungekwenda.

Baba Rehema: Na tungeshindwa je?

Dada Aline: Samahani wakubwa, niseme kitu. Kwenye jengo letu kuna mama anapigwa. Wiki jana tulisikia vitu vinavunjika, mtoto analia kwenye ngazi na soksi mguu mmoja. Hakuna aliyepiga 911 kuita polisi. Watu walisema mume akipelekwa jela uhamiaji watamchukua, nani atalipa nyumba? Nilimchukua mtoto nikamlaza kwangu. Meya amehesabu dola. Na huyu mama amemhesabu wapi?

Mama Neema: Mungu wangu. Aline nitumie namba ya mlango pembeni, usiiandike hapa.

Espoir: Aline, asante. Hayo ndiyo polisi wenyewe wa miji mingi wamekuwa wakiyasema, kwamba watu wakiogopa hawaripoti.

Mama Neema: Espoir, na mtoto wa dada yangu? Kesi yake ya hifadhi bado, kibali cha kazi anacho, lakini anaendesha bila leseni.

Espoir: Aache kuendesha leo hii Mama, tafadhali. Kusimamishwa tu kwa taa iliyoungua kunaweza kumfikisha jela, na akishaingia alama za vidole hazirudi. Kwa kibali chake anaweza kuomba leseni. Anaanza na mtihani wa maandishi.

Baba Rehema: Nitamfundisha mimi. Jumapili baada ya ibada, kwenye maegesho ya kanisa, akishapata kibali cha mwanafunzi wa udereva. Kazini nitampeleka, zamu yetu ni moja.

Mama Neema: Ubarikiwe baba.

Mzee Bahati: Nataka kusema mbele ya baraza la jiji. Espoir utanitafsiria?

Espoir: Nitakutafsiria Mzee. Niandikie unachotaka kusema, nikuandikishe kesho.

Dada Aline: Mzee, useme na habari ya mtoto wa kwenye ngazi. Jina usilitaje.