Jina limekatwa kabla ya kikao: hivi nani hasa anateua kiongozi?

KatibuMpya

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Naomba mawazo yenu. Mimi ni katibu wa kamati inayopendekeza majina ya kiongozi mkuu wa taasisi yetu ya dini. Katiba yetu kwenye jambo hili haina utata. Kamati inapokea majina, inayachambua, inapeleka matatu kwenye baraza. Baraza linapiga kura ya siri, halafu mkuu wa ngazi ya juu anathibitisha aliyeshinda.

Tulishakaa, tukabishana sana, watatu wakapatikana, muhtasari nikauandika. Baada ya hapo mjumbe mmoja mzito akanipigia simu: jina la tatu litoe, uweke la fulani. Nikauliza sababu. Akasema wakubwa hawamtaki. Nikauliza wakubwa gani, akanijibu kwamba mimi ni katibu tu, kazi yangu ni kuandika.

Huyo anayetakiwa kukatwa ndiye aliyesimama kwenye mkutano mkuu akauliza kwa nini taarifa ya fedha imesomwa bila kugawiwa nakala. Kosa lake jingine silijui. Huenda akashindwa kwenye kura, na akishindwa sina neno. Ila ashindwe na kura, si na simu.

Nilichotaka kujua ni hivi: kwenye serikali na kwenye dini kubwa zenye uzoefu wa miaka mingi, hii orodha ya kwanza anaishika nani, na anazuiwaje asiichezee? Na mimi kwa nafasi yangu nifanye nini?

---

MzeeMafaili

Marahaba Katibu.

Nimefanya kazi ya utumishi wa umma mpaka nikastaafu, upande wa mafaili ya waombaji wa vyeo vya juu, kwa hiyo swali lako nalijua kwa karibu. Anayesaini barua ya uteuzi mara nyingi siye aliyeteua. Aliyeteua ni yule aliyeamua majina gani yafike mezani. Huyo mjumbe wako analijua hilo vizuri, ndiyo maana hakusubiri kura.

Ngoja nikueleze linavyofanyika serikalini bila mtu kupiga simu. Kulikuwa na tangazo la nafasi ya mkurugenzi. Rasimu yetu ilitaka shahada ya uzamili na uzoefu wa uongozi usiopungua miaka 10, basi. Ikarudi kutoka juu imeongezewa kwa kalamu pembeni: uzoefu huo uwe wa miradi ya aina fulani, na mwombaji awe amewahi kukaimu cheo hicho. Aliyewahi kukaimu alikuwa mmoja. Bahasha zikaja kwa wingi, tukazifungua, tukazigonga muhuri, tukazipa namba, na karibu zote zikaangukia kwenye mstari ule wa kukaimu. Kulikuwamo watu wenye sifa hasa. Usaili ukafanyika, alama zikajazwa, wajumbe wakasaini. Mkaguzi angefungua lile faili asingeona kasoro hata moja. Mamlaka ya uteuzi ikaletewa jina moja, ingemteua nani mwingine? Iliniuma wakati ule na inaniuma hadi leo.

Sasa tazama Kanisa Katoliki, maana limefanya kazi hii kwa karne nyingi. Watu husema askofu anateuliwa na Papa, na ni kweli. Lakini kanuni ya 377 ya Sheria za Kanisa inawataka maaskofu wa eneo, angalau kila baada ya miaka 3, waandae kwa siri orodha ya mapadre wanaofaa uaskofu. Jimbo likibaki wazi, balozi wa Papa katika nchi ile huwauliza watu mmoja mmoja, kwa siri, kisha hupeleka Roma majina 3 na maoni yake. Papa hafungwi na majina hayo. Lakini mtu mmoja hawezi kuwafahamu mapadre wa dunia nzima, kwa hiyo padre ambaye hakuna aliyemwandika ana nafasi finyu mno.

Kinachonivutia pale ni sifa zenyewe. Kanuni ya 378 inataka umri usiopungua miaka 35, upadre usiopungua miaka 5, elimu ya juu ya Maandiko, teolojia au sheria za Kanisa, au awe mjuzi wa kweli wa mambo hayo. Sheria hizo ni za mwaka 1983, zimeandikwa kabla ya mwombaji yeyote kujulikana. Haiwezekani mtu leo akaongeza mstari kwa kalamu ili rafiki yake apite peke yake. Katiba yenu inazitaja sifa? Kama inazitaja, fungua ukurasa huo kwanza.

Ukija kwenye kumchagua Papa mwenyewe, pale hakuna orodha kabisa. Kardinali ambaye hajafika miaka 80 anaandika jina analolitaka kwenye karatasi, anakunja, anaitumbukiza. Mei 2025 walipiga kura makardinali 133, theluthi mbili inayotakiwa ili mtu ashinde ikawa 89, na siku ya pili, tarehe 8, wakampata Leo XIV. Hata hivyo mchujo upo, ila ulishafanyika zamani: wengi wa hao 133 walipewa ukardinali na Papa Fransisko. Kila mfumo una mahali pa mchujo. Ukitaka kujua nani ana nguvu, patafute hapo.

---

Ukhti_wa_Shura

Assalaam alaykum wote, na wasio Waislamu nawasalimu pia.

Mzee kasema kweli, nami naongezea kutoka kwenye historia yetu, maana ndani ya miaka 12 Waislamu wa mwanzo walipitia njia 3 tofauti. Mwaka 632 alipofariki Mtume (s.a.w.), Abubakar alichaguliwa kuwa khalifa, yaani kiongozi wa Waislamu, kwa mashauriano ya papo kwa papo pale Saqifa, mahali pa mikutano Madina, watu wakampa bai'a, yaani kiapo cha utii. Mwaka 634 Abubakar akiwa mgonjwa alimpendekeza Umar bin Khattab baada ya kushauriana na masahaba. Mwaka 644 Umar, akiwa amechomwa kisu na anajua anakufa, hakutaja mtu mmoja. Akaunda baraza la watu 6 wachague mmoja wao, na mwanawe Abdullah akaruhusiwa kushauri tu, asichaguliwe. (Ndugu zetu Mashia wana msimamo wao juu ya Ali bin Abi Talib, nauheshimu, sitaki kuufungulia mjadala hapa.)

Ninachotaka Katibu ukione ni alichofanya Abdurrahman bin Auf. Alikuwa mmoja wa wale 6, angeweza kuwa khalifa. Akajitoa kwanza, halafu ndipo akakubali kusimamia uchaguzi, akazunguka Madina akiwauliza watu. Aliona kwamba hawezi kushika orodha huku jina lake limo. Kwa hiyo mimi ningeuliza swali moja tu: huyo aliyekupigia simu ana uhusiano gani na huyo "fulani" anayetaka aingizwe? Kama ni ndugu yake au mshirika wake wa biashara, hakupaswa hata kukaa kwenye kamati hiyo.

---

Nuru_Tisa

Mimi napinga kidogo. Mnaongea kana kwamba kura ndiyo dawa. Kura nayo ina kampeni, bahasha za chini ya meza, na waumini kugawanyika hadi kutosalimiana. Nimeona jumuiya ikigawanyika kwa sababu ya uchaguzi na haijapona.

Wabahai, waumini wa dini ya Bahai, wana njia ambayo wengi hawaijui. Hawateui wagombea, hawafanyi kampeni, na hakuna orodha inayopelekwa. Baraza la mahali lina watu 9. Siku ya uchaguzi kila mpiga kura anaandika kwa siri majina 9 ya watu wazima wa jumuiya hiyo anaoona wanafaa, na kumpigia mtu debe ni mwiko. Baraza lao la juu la dunia nzima, lililoko Haifa, Israeli, nalo lina wajumbe 9, huchaguliwa kila baada ya miaka 5 tangu 1963, na wapiga kura ni wajumbe wa mabaraza ya nchi mbalimbali. Lina kasoro yake, wanawake hawachaguliwi kwenye baraza hilo la juu, na hilo mimi silikubali. Lakini kwenye suala la orodha wameikwepa simu ya Katibu moja kwa moja: hakuna wa kumpigia.

---

Wakili_wa_Mtaani

Nuru_Tisa, hiyo inawezekana watu wanapofahamiana. Nafasi ya jaji huwezi kuijaza hivyo.

Chukua Kenya. Katiba ya 2010 inasema majaji wanateuliwa na Rais kwa mapendekezo ya Tume ya Utumishi wa Mahakama. Jaji Mkuu na naibu wake wanapita pia Bunge la Taifa. Tume inatangaza nafasi, inaita wananchi walete maoni, na inafanya usaili hadharani. Mwaka 2021 watu walifuatilia kwenye televisheni waombaji wa nafasi ya Jaji Mkuu wakiulizwa maswali magumu mpaka akapatikana Martha Koome.

Mwaka 2019 tume hiyo ilipeleka kwa Rais Uhuru Kenyatta majina 41. Rais hakuyateua. Watu wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikasema kazi ya Rais pale ni kuteua waliopendekezwa, hana mamlaka ya kuchuja upya. Juni 2021 akateua 34. Mmoja alikuwa ameshafariki, 6 wakaachwa. Hao 6 waliapishwa Septemba 2022, baada ya William Ruto kuingia madarakani.

Najua mtu atasema "kwa hiyo sheria ilishindwa kwa miaka 3". Ndiyo, ilicheleweshwa, na waliochelewa kupata haki ni wananchi wenye kesi. Lakini angalia kilichowafanya wale 6 wasisahaulike: nchi nzima ilikuwa na majina yao. Majina 41 yalishatangazwa, kwa hiyo kila mtu aliweza kuhesabu wangapi hawapo na kuuliza kwa nini. Kama orodha ingekaa ndani ya bahasha moja kwenye ofisi moja, jina lingekatwa na hakuna ambaye angejua lilikuwepo.

Katibu, orodha yenu ilipopitishwa, ilisomwa kwa wajumbe wote? Nakala wanazo?

---

KatibuMpya

Wakili, ilisomwa, ila nakala sikugawa kwa sababu mwenyekiti alisema ni siri mpaka baraza likae.

Na jana mjumbe yule kanirudia. Anasema ombi lake nisiliandike popote, kwa kuwa mambo ya kamati ni siri na mimi niliapa. Ni kweli niliapa. Ukhti, kuhusu swali lako, "fulani" ni shemeji yake.

---

MzeeMafaili

Katibu, nisome taratibu hapa, kwa sababu neno siri limewatisha makatibu wengi waaminifu.

Siri ya kura inamlinda mpiga kura mdogo asiadhibiwe na mkubwa. Siri ya uchunguzi inamlinda anayechunguzwa, ili maneno ya uongo juu yake yasizagae. Hizo zote ni halali na kiapo chako kinazihusu. Lakini hakuna siri inayomruhusu mjumbe mmoja kubatilisha uamuzi wa kikao halali. Kiapo ulimpa nani? Kamati. Basi kumficha mjumbe mmoja dhidi ya kamati nzima ndiko kungekuwa kuvunja kiapo.

Waangalie Wakristo wa Kikopti wa Misri. Novemba 2012 walimpata mkuu wa kanisa lao, Papa Tawadros II (wao wana Papa wao, si yule wa Roma), kwa namna hii: wapiga kura waliwabakiza watu 3, majina ya hao watatu yakawekwa ndani ya chombo cha kioo kilichofungwa kwa nta juu ya altare, ibada ikaendeshwa kanisa limejaa, kisha mtoto mdogo aliyefungwa kitambaa machoni akachomoa jina moja. Aliyechomolewa hakuwa aliyeongoza kwa kura, na watu walimpokea. Kura za awali zilikuwa za siri, lakini yale majina 3 kila mmoja aliyajua kabla ya siku hiyo. Na wanaamini aliyechagua ni Mungu! Hata kwa imani hiyo hawakukubali majina yapachikwe gizani.

Sasa kazi yako. Usibadilishe orodha. Andika barua fupi kwa mwenyekiti, si ujumbe wa simu, useme kwamba baada ya kikao cha tarehe fulani umepokea kwa simu ombi la mjumbe fulani la kuondoa jina na kuingiza jingine, na kwamba orodha iliyopitishwa inabaki ilivyo mpaka kamati yenyewe ikae na kuamua vinginevyo. Weka tarehe, saini, mwombe mwenyekiti asaini nakala yako kuwa ameipokea. Usiandike maneno ya kumtuhumu yule mjumbe, na habari ya ushemeji iseme kikaoni, yeye akiwepo ajibu.

Inawezekana kuna jambo zito kweli juu ya huyo mtu wa tatu. Likiwepo, aliyelileta aliandike na kulisaini, mhusika aitwe, asikilizwe, ndipo kamati iamue. Huo ni utaratibu, na hata wewe unayemtetea lazima uukubali.

Mwenyekiti akiitisha kikao kipya, hakikisha taarifa inawafikia wajumbe wote kwa muda uliotajwa kwenye katiba yenu, na uhesabu akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, kabla dua haijaanza. Wakija wachache na kukuambia wameshakubaliana, andika majina ya waliopo, andika kwamba akidi haikutimia, na muhtasari huo uusome kwa sauti kabla hawajaondoka.