Mrejesho: Pipa la kubanikia nyama kwa moshi limekamilika

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliomba ushauri wa kugeuza pipa la chuma la lita 200 kuwa jiko la mkaa la kubanikia nyama taratibu kwa moshi, na hofu yangu kubwa ilikuwa rangi iliyopakwa ndani pamoja na namna ya kudhibiti moto. Ninawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Kama mlivyonielekeza, niliwasha kuni nyingi ndani ya pipa, uwanjani na mbali na nyumba, hadi rangi yote ikababuka, kisha nikalisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, nikalipaka mafuta ya kupikia na kulipasha moto tena. Wavu wa mabati niliokwisha kuununua niliuweka kando, kwa kuwa zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Fundi alinichomelea mwingine wa nondo nyembamba.

Chini nilitoboa matundu manne ya inchi moja yenye vifuniko. Yakiwa wazi yote, joto lilipanda hadi nyuzi 180. Nilipobakiza moja tu, likatulia kwenye 120.

Jumapili nilibanika kuku wawili kwa mkaa niliouongezea vipande vikavu vya mwembe. Baada ya saa tatu hivi, kipimajoto kiliposoma nyuzi 74 kwenye unene wa paja, niliwaepua: ngozi ilikuwa ya kahawia iliyokolea, na mchuzi uliotoka mfupani ulikuwa mweupe, hauna damu.

Kifuniko bado kinavujisha moshi upande mmoja, nami nitakirudisha kwa fundi wiki hii.