Pointi 80 kwenye mtihani wa mwigo: vyuo vikuu vya Marekani vitamtazama binti yetu?

Shangazi wa Langoni

Asalam aleikum jamaa zangu. Niko Amu (Lamu), mtaa wa Langoni. Nina swali la mtoto, na ni refu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni shangazi yake. Mama yake alifariki mtoto akiwa darasa la tatu, na ndugu yangu ni mvuvi, siku zake nyingi ziko baharini, basi mambo ya shule niliyachukua mimi. Sasa yuko kidato cha nne, shule ya bweni. Majibu ya mwigo yametoka: Hisabati A, Kiswahili A, Bayolojia A, Dini A, Kemia A-, Jiografia A-, Kiingereza B+. Jumla pointi 80. Imepungua moja tu kufika A kamili. Mwalimu wake wa darasa alinipigia simu mwenyewe kunipa habari.

Likizo ya Agosti alikuja na kikaratasi alichoandika majina matatu: Harvard, Yale, MIT. Akanipa nikisome, hakusema neno, akawa ananitazama usoni. Nilikikunja nikakitia ndani ya msahafu wangu, na humo kimo mpaka leo.

Nje ya masomo, likizo anasomesha watoto wadogo madrasa. Na ana kaunta buku lake. Lilianza kwa ubishi. Babake alisema samaki wamepungua upande wa Manda tangu bandari ichimbwe, jirani akasema samaki wako, nyavu zake ndizo mbovu. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaingia kidato cha kwanza. Akasema, basi tuandike tuone. Tangu siku hiyo kila mashua ikirudi huandikwa: wametoka saa ngapi, upepo gani, wametega wapi, wamepata nini, kilo ngapi. Changu, tafi, kolekole, nguru wakati wa kaskazi. Akiwa shuleni huandika nduguye mdogo, naye akija likizo humsahihisha. Sasa wako buku la tatu.

Pesa hatuna. Mimi nauza mahamri na mkate wa mofa asubuhi. Kuna mtu Mombasa ameniambia nimpe shilingi 80,000 atamtafutia nafasi huko. Na babake hajasema hapana, lakini kila nikilitaja jambo hili hunyamaza. Mtoto wa kike, peke yake, ng'ambo. Namwelewa.

Nambieni kweli tupu. Ana nafasi gani? Sitaki mnitie moyo, nataka nijue nimwambie nini akirudi Novemba.

Dada wa Shela, Malindi

Wa aleikum salaam shangazi. Mimi ni wa Shela hii yetu ya Malindi, si ile ya kwenu. Nilisoma chuo kidogo jimbo la Massachusetts, nikamaliza 2019.

Hizo 80,000 usitoe. Nakuomba sana. Marehemu baba alimpa wakala 60,000 mwaka niliomaliza shule. Yule bwana alinijazia fomu ya chuo kisichomsaidia mgeni hata senti, nikakubaliwa, tukapika pilau nyumba nzima, kisha ikaja barua ya kutaka malipo. Baba aliikunja ile barua na hakuitaja tena mpaka alipofariki. Kazi aliyoifanya yule wakala, binti yako ataifanya mwenyewe. Kuna fomu ya pamoja iitwayo Common App, hufunguliwa Agosti 1, na kwa fomu hiyo moja anaweza kuomba vyuo mpaka 20. Ada za maombi huondolewa shule ikithibitisha kuwa familia haina uwezo. MIT wana fomu yao mbali.

Sasa hiyo kweli uliyoitaka. Harvard, kwa kundi lililoingia 2024, waliomba watu 54,008, wakachukuliwa 1,937. Hawafiki 4 katika kila 100, na wengi wa walioachwa walikuwa wa kwanza shuleni kwao kama huyu wako. Atakayekwambia mtoto ana asilimia fulani ya kuingia amelitunga. Pointi 80 zitafanya faili lake lisomwe kwa makini. Kuchaguliwa ni jambo jingine, na hata angekuwa na 84 zote ningekwambia maneno haya haya.

Lakini nafasi yake inategemea kitu ambacho mimi sikukijua na kilinipotezea mwaka: chuo kinamfanyaje mgeni asiye na pesa? Mwaka mmoja Harvard, pamoja na malazi na chakula, umepita dola 80,000, zaidi ya milioni 10 zetu. Kuna vyuo vichache ambavyo vikiamua nani aingie havitazami mfuko wa mgeni, na vikimchukua hujaza pengo lote. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin ni katika hivyo. Kisha kuna vinavyotazama, yaani uhitaji mkubwa unaweza kumkosesha mtu nafasi, ila wakimchukua humlipia anachopungukiwa. Humo ndimo wamo Smith na Wellesley, vyuo vya wanawake. Halafu viko vingi, vikiwemo vya umma vya California, ambavyo mgeni hapewi msaada kwa kuwa hana. Hivyo msivijazie fomu hata kama majina yake yanavuma.

Kwa hiyo hicho kikaratasi chake hakina makosa. Ni kifupi tu. Aongeze Smith, Wellesley, na aongeze Berea kule Kentucky, hawatozi karo na kila mwanafunzi hufanya kazi angalau saa 10 kwa wiki, ingawa wageni huchukuliwa wachache. Na hasa hasa aongeze Bowdoin. Nikisoma habari ya buku la samaki nilikifikiria chuo hiki kabla sijafika mwisho. Kiko Maine, pwani ya wavuvi wa kamba wakubwa (lobster), wana kituo chao cha masomo ya bahari, na tangu 1969 hawalazimishi SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Ni kigumu pia, hawafiki 10 katika 100 wanaoingia, lakini pale atasomwa na watu wanaojua kilo ya samaki ina maana gani.

SAT: MIT waliirudisha 2022, na Harvard na Dartmouth 2024. Siku hizi hufanywa kwa kompyuta, saa mbili na dakika 14, alama za juu ni 1600, na kwa Harvard wengi wanaoingia wana 1500 na zaidi. Mazoezi ni bure kwenye tovuti ya Khan Academy. Ada ya mtihani inapita dola 100, na msamaha wa ada hiyo hawapewi wanafunzi wa kigeni walio nje ya Marekani, basi hizo 80,000 kama zipo, tolea hapa na nauli. Mimi nilifanyia Mombasa. Kutoka Amu mhesabu boti mpaka Mokowe, basi la kutwa, na usiku mmoja wa kulala kwa jamaa ili asiingie mtihani amechoka.

Na msimkimbize. Maombi ya mapema hufungwa Novemba 1, yale mengine mwanzoni mwa Januari. Mpaka Novemba yeye yuko kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, bwenini, hana simu wala kompyuta. Amalize mtihani wake. Matokeo yakitoka Januari awe na mwaka mzima wa kusomea SAT na kuandika, aombe, aanze Agosti inayofuata baada ya hapo. Utaona mbali, lakini mimi niliyeharakishwa nilichelewa zaidi.

Kuhusu kaka yako. Babangu naye alinyamaza hivyo hivyo. Mwambie mwaka wangu wa mwisho Ramadhani iliingia Mei, katikati ya mitihani, na wale mama wa jikoni, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa Mwislamu, walinifungia daku kila usiku na kuandika jina langu juu. Tulikuwa wasichana saba tukifuturu chumba kimoja. Akitaka kuongea na mimi kwa simu, nitaongea naye.

Mwalimu Mstaafu, Faza

Bi Shangazi, hongera kwa malezi. Nimefundisha sekondari miaka 31 na nataka nizungumzie jambo moja ambalo sisi walimu huwaponza nalo watoto, nalo ni barua.

Vyuo hivi hutaka barua za walimu wawili na ripoti ya shule. Mimi nimeandika barua nyingi maishani mwangu, na karibu zote zilisema mwanafunzi ana nidhamu, ni mtiifu, ana bidii. Niliamini nawasaidia. Kisha mwanafunzi wangu mmoja alikosa, na nilipoitoa nakala ya barua yangu nikaona ningeweza kubadilisha jina nikampa mtu yeyote darasani. Jambo hili linanikera mpaka leo.

Kwa hiyo mwalimu wa Bayolojia apelekewe hayo mabuku matatu ayaone kwa macho yake. Akae na binti saa moja, amwulize. Kisha aandike alichokiona: ukurasa gani, swali gani aliuliza, alikosea wapi akarekebisha. Barua yenye tukio moja la kweli inatosha. Na ripoti ya shule ieleze KCSE ni nini. Msomaji wa Marekani akiona A- atadhani ni alama ya kawaida, hajui kwamba mwaka 2024 waliopata A kamili nchi nzima walikuwa 1,693 kati ya watahiniwa 962,512. Mwalimu mkuu aliandike hilo. Pia shule iwe na baruapepe rasmi inayofunguliwa kila siku, nimeona mtoto akikosa kwa sababu ujumbe ulikaa bila kusomwa.

Insha yake ina kikomo cha maneno 650. Kila shughuli hupewa herufi 150 tu kuelezwa, nafasi kati ya maneno nayo ikihesabiwa. Aandike wazi kwamba akiwa bwenini nduguye ndiye aliyeandika. Asijitwalie kazi yote. Kumfundisha mtoto mdogo kupima na kuandika miaka minne bila kuacha, hilo ni jambo kubwa kuliko kuwa kiranja.

Na buku lenyewe alifanyie kazi Desemba. Atafute kilo kwa kila safari, kaskazi mbali na kusi mbali. Akichanganya atapotea, kwani wakati wa kusi mashua ndogo siku nyingi hazitoki, na jumla itashuka hata kama samaki wapo. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021, yeye ameanza baadaye, kwa hiyo hana hesabu za kabla ya uchimbaji. Hilo nalo aliseme mwenyewe kabla hajaulizwa. Na kama hesabu hazimuungi mkono babake, aandike hivyo hivyo zilivyo.

Mkaazi wa Mokowe

Nikiongeza tu: ushauri wa bure upo EducationUSA, Nairobi, na hujibu hata kwa mtandao. Kuna pia mipango ya kuwasaidia wanafunzi kufika vyuo vya ng'ambo: KenSAP, iliyoanza 2004, na Zawadi Africa kwa wasichana. Na kumbukeni Wangari Maathai alipopelekwa Marekani 1960 alisomea Bayolojia chuo kidogo cha Kansas kiitwacho Mount St. Scholastica. Nani huku alikuwa amekisikia?

Shangazi wa Langoni

Nimesoma yote, nikasoma tena kwa sauti usiku ndugu yangu akila. Allah awalipe kheri. Yule mtu wa Mombasa nimemwambia hapana. Pesa nitaanza kuzitenga za SAT, kidogo kidogo kutoka kwenye mahamri.

Jumamosi nilikwenda kumwona mtoto shuleni nikamweleza habari ya kusubiri mwaka. Machozi yalimlengalenga. Kisha nikamsomea ya Mwalimu, ile ya kaskazi na kusi, akaniambia, "Shangazi, hilo nalijua. Buku la pili kolekole hawakupungua. Sikumwambia baba kwa sababu niliogopa atadhani nimekwenda upande wa jirani."

Niliporudi nilimwambia babake. Nilikaa nikingojea aghadhibike. Akanawa mikono, akasema kolekole ni samaki wa kupita, hawakai pale panapochimbwa, wanaokaa ni changu na tafi, amtazamie hao. Akaingia ndani akatoa buku la kwanza, amelifunga kwa karatasi ya nailoni lisiingie maji. Mimi sikujua kama analo yeye.

Dada wa Malindi, nipe nambari kwa ujumbe wa faragha, amesema ataongea nawe. Na ameniuliza swali ambalo sina jibu lake: hao wavuvi wa kamba wa Maine, nao huandika?

Dada wa Shela, Malindi

Mwambie huandika. Tangu 2023 kila mvuvi wa kamba mwenye leseni kule Maine anatakiwa kutoa ripoti ya safari zake na alichopata. Nambari nimekutumia. Anipigie baada ya Isha, nitakuwa nyumbani.