Mjadala: Duka la samaki wa bahari lilazimishwe kuwatibu kabla ya kuuza, au kila mnunuzi atajijua?

TenkiLaChumvi (Mombasa)

Wakuu heshima kwenu. Hii hoja imeleta maneno makali kwenye grupu letu la wafuga samaki wa maji ya chumvi nikaona niilete hapa tuijadili wazi. Kuna wanaotaka iwepo sheria, duka lolote linalouza samaki wa mapambo wa baharini liwaweke karantini angalau wiki mbili na kuwatibu vimelea ndo liruhusiwe kuuza. Na kuna wanaosema acheni utani, ukishalipa samaki ni wako, kamtibu mwenyewe.

Mi nataka sheria. Na sio kwa sababu ya samaki anayeumwa waziwazi, yule kila mtu anamuona. Shida yangu ni yule anayeonekana mzima kabisa pale dukani. Tunaongelea ule ugonjwa wa vidoti vyeupe, Cryptocaryon irritans, samaki anaonekana kama amenyunyiziwa chumvi ya mezani. Kimelea kinaingia chini ya ngozi na kwenye matamvua, kinakula humo siku 3 mpaka 7 hivi, halafu kinadondoka chini, mara nyingi usiku, kinanata kwenye jiwe au mchanga na kujijengea ganda. Ndani ya ganda kinagawanyika, kimoja kinaweza kutoa watoto hata 200, na hao watoto wana siku moja au mbili tu za kumpata samaki, wakikosa wanakufa. Sasa angalieni mtego uliopo, vikidondoka vidoti vinapotea! Mwenye samaki anashangilia, anaandika kitunguu saumu kimeponya, kumbe mzigo uko chini ya mchanga unapikwa. Maganda mengine yanapasuka baada ya siku 3, mengine wiki nne, na kuna yaliyowahi kuchukua siku 72.

Dawa yenyewe inayotumika sana, kopa, yaani huu mrututu wanaopulizia mibuni, haiui kilicho chini ya ngozi wala kilicho ndani ya ganda, inaua wale wadogo wakiwa wanaogelea tu. Kwa hiyo lazima dozi ikae juu muda wote, miligramu 0.15 mpaka 0.2 kwa lita ya ile kopa ya kawaida au kama 2 mpaka 2.5 kwa ile iliyofungwa isitoke haraka kwenye maji, na uipime kila siku. Maduka mengi wanafanyaje? Wanaweka nusu dozi kwenye mfumo mzima ikae hapo mwaka mzima. Vimelea vinapungua bila kuisha, samaki anang'aa, unamnunua, unampeleka kwenye maji yasiyo na kopa, wiki haiishi tenki zima limechafuka. Nusu dozi inamtibu muuzaji, samaki bado anaumwa.

juma_kaka_wa_goldfish

Mkuu si uweke chumvi tu? Goldfish wangu walikua na vidoti hivyohivyo nikaweka chumvi ya mawe wakapona

TenkiLaChumvi

Kaka Juma, huyo wa goldfish ni mdudu mwingine, Ichthyophthirius, ni wa maji baridi kwa hiyo chumvi inamkera. Huyu wetu kazaliwa kwenye chumvi, utamuongezea nini tena.

MzamiajiKwale

Salaam aleikum wote. Mie ni katika hao wanaowashika hao samaki, huku pwani ya kusini, na sijaona hapa mtu ametutaja. Kangaja wa buluu, yule mwenye koo jeupe na pezi la manjano mgongoni, huwa twamzungushia wavu wa kuta kwenye mwamba kisha twamkinga na wavu wa mkono, polepole, akikwaruzika ngozi hana bei. Huko chini nimewaona maelfu na sikumbuki kumwona hata mmoja aliyejaa vidoti. Si kwamba vimelea havipo, vipo, ila baharini mdudu akitoka kwenye ganda lake samaki keshaenda zake na maji yamekwenda zake, ampate wapi? Ugonjwa waanzia kwenye beseni. Samaki amefungwa pamoja na wenziwe mia, hajala siku mbili ili asichafue mfuko, amesafirishwa kwenye plastiki mbili na oksijeni, afika amechoka na maji yake yamejaa mkojo. Akifunguliwa ghafla hewa mbaya yatoka, asidi ya maji yashuka na ule mkojo wageuka sumu pale pale.

Sasa mwasema sheria ya dawa. Mie nasema sheria ya idadi ya samaki kwenye beseni kwanza. Halafu niambieni, hizo wiki mbili za kulisha na kupima nani atalipa? Tajiri hatatoa mfukoni mwake. Atakata kwangu mimi niliyezama. Leseni twalipa, mafuta ya boti twalipa, na sasa tulipe na karantini ya mtu wa Nairobi mwenye tenki sebuleni.

mpita_njia

Watu hospitali hamna dawa nyie mnajadili samaki wa maua kupewa dawa. Hii nchi bana

BintiUnguja_Muscat

Wee mpita njia nawe, samaki hao ndo wanampa kaka wa Kwale chakula, si maua hayo.

Kaka TenkiLaChumvi nakuelewa lakini hapo kwenye kopa naomba nikupinge kidogo. Duka la kawaida maji yake yote yanazunguka sehemu moja, samaki, kamba, konokono, matumbawe. Kopa ikiingia humo kamba na konokono wamekwisha, na ikishanywewa na mawe ya chokaa inakuja kutoka polepole huko mbele. Ukimlazimisha mwenye duka atibu bila kumlazimisha ajenge mfumo wa pili atafanya hichohicho unachokilalamikia, nusu dozi, safari hii akiwa na karatasi ya sheria mkononi. Papa na taa ndo usiseme, kopa hawaiwezi.

Mimi kwangu kila samaki mpya anapita ndoo mbili, basi. Leo yuko ndoo A, baada ya saa 72 namhamishia ndoo B yenye maji mapya, A inamwagwa inaoshwa inakaushwa kabisa pamoja na hita na pampu, saa 72 tena anarudi. Mara nne, siku 12. Hakuna dawa hata tone. Mdudu akidondoka anabaki kwenye ndoo niliyoimwaga kabla ganda halijapasuka, na kwenye ngozi hawezi kukaa zaidi ya wiki. Kazi kubwa ni amonia, ile sumu ya mkojo wa samaki, maana ndoo haina filta iliyokomaa ya kuimaliza, pima kila siku. Na nyie wa Mombasa bahari iko mlangoni ila msichote na kumimina hapohapo, maji yakae gizani wiki mbili hivi bila samaki. Nyumbani nafanya bure kitu ambacho dukani kingekua gharama, ndo maana nasema mnunuzi abebe.

Ila nikiri ndoo inamaliza vidoti vyeupe tu. Ikija velveti, Amyloodinium, ile vumbi la dhahabu ambalo unaliona ukimulika tochi kwa ubavu, hapo dawa hutaikwepa na siku mbili tatu umepoteza wote.

VetMoro

Niko upande wa pili wa mpaka, Tanzania, lakini nichangie. Wengi mnadhani samaki akiwa na cheti cha afya basi amekaguliwa vidoti. Hapana. Vyeti vya kusafirisha nje vinaangalia magonjwa yaliyoorodheshwa na shirika la kimataifa la afya ya wanyama, na Cryptocaryon haimo kwenye orodha. Samaki anaweza kwenda Ulaya na cheti chake safi na vimelea vyake.

La pili, mkilazimisha kila muuzaji atibu mnagawa dawa mikononi mwa watu wasiojua. Kuna waliohamia klorokwini, naam, ile dawa ya malaria iliyokua inatuwasha mwili mzima miaka hiyo kabla Tanzania haijaiacha 2001. Kwa velveti inafanya kazi vizuri. Lakini Machi 2020 kule Arizona mume na mke walikunywa klorokwini ya akwariamu wakidhani inazuia korona, mume akafa. Mie sitaki muuza duka apime unga ule kwa kijiko cha chai.

Na wanaofikiria kupunguza chumvi ya maji, njia ipo, unaishusha mpaka 1.009 (uzito wa maji ukilinganisha na maji matupu) wiki nne, maji ya bahari ya kawaida ni 1.025 hivi. Lakini bila refraktomita, kile kifaa cha kupima chumvi, iliyorekebishwa usianze, ukicheza kwenye 1.012 umemtesa samaki bure, na velveti haijali kabisa.

TenkiLaChumvi

Dada wa Muscat, ndoo zako nazikubali ila wewe ni mtu mmoja unayejua. Mteja wa kawaida ananunua nemo kwa sababu mtoto kaona katuni, ndoo mbili atazitoa wapi na nani kamwambia? Na akishaambukiza tenki lake dawa iliyobaki ni kuwatoa samaki wote na kuliacha bila samaki siku 72 mpaka 76. Mwambie mtoto hiyo.

Lakini hoja ya nusu dozi yenye karatasi imenigusa na ya daktari pia. Basi tuseme hivi, sheria isimlazimishe kutibu, imlazimishe kuandika. Kwenye kila tenki pale dukani kuwe na kibandiko, samaki kaingia tarehe gani, maji yana kopa kiasi gani leo, kapewa nini kingine na kwa siku ngapi. Kipimo cha kopa cha kidijitali kipo, maji kidogo kwenye kichupa na dawa yake ya kupimia unapata namba. Mteja aombe kipimwe mbele yake. Akiona 0.08 anajua hapa hakuna tiba, kuna kufichaficha tu.

MzamiajiKwale

Hiyo ya kibandiko mie naikubali, madamu na tarehe ya kutoka baharini iandikwe. Matajiri hawataipenda tarehe hiyo. Na idadi kwenye beseni bado hamjanijibu.

juma_kaka_wa_goldfish

Sasa mkuu hicho kipimo kinauzwaje, maana na mimi nishaanza kutamani hao wa bahari