Kozi ya cheti, mafunzo ya bure au kumfuata mzoefu? Teknolojia kwa msaidizi wa kisheria

Jalada_Jipya:
Habari wakuu. Nimehitimu usaidizi wa kisheria na karibuni naingia ofisi ya mawakili. Darasani tulisoma mikataba, madai, mwenendo wa mashauri, hata namna ya kuandaa hati ya kiapo. Kompyuta ilipitiwa juu juu tu, na matangazo ya kazi ninayoyaona yote yanataka mtu anayezijua programu za ofisi ya sheria.

Naona njia tatu. Ya kwanza ni kozi ya cheti ya teknolojia ya sheria, ya mtandaoni na ya kulipia, ambayo inagusa kila kitu kuanzia ankara hadi ushahidi wa kielektroniki. Ya pili ni mafunzo ya bure yanayotolewa na watengenezaji wenyewe: Microsoft, Adobe, Clio (programu ya kusimamia mashauri) na wenzao. Ya tatu ni kutofanya chochote sasa, nikaingia ofisini na kujifunza kwa aliyenitangulia.

Kwenye usaili hawakuuliza kuhusu programu yoyote ya kisheria. Waliuliza kama naweza kutengeneza orodha ya yaliyomo inayojisasisha katika hati ndefu, na kama najua kuficha jina la mtoto kwenye PDF inayokwenda mahakamani. Mliopita huko, mngeanza na ipi?

Bibi_Masjala:
Hao waliokusaili wamekwisha kukujibu, mwanangu. Anza na Word, na ninaposema Word sizungumzii kuchapa haraka.

Hati ya kisheria inaishi kwa namba. Mkataba una vifungu, vifungu vina vifungu vidogo, na ndani yake kuna maneno kama "kwa mujibu wa kifungu cha 12.3". Wakili anarudi jioni, anaingiza kifungu kipya baada ya cha 7, na kuanzia hapo kila kitu kinasogea. Aliyechapa namba kwa mkono atakesha akizisahihisha, na bado rejeo moja litamponyoka. Aliyetumia Mitindo (Styles, yaani maumbo ya vichwa na aya yaliyowekwa tayari), namba za ngazi zinazofungamana na vichwa, na marejeo yaliyounganishwa na kifungu chenyewe, anachagua hati yote, anabonyeza F9, anarudi nyumbani.

Kwa hiyo jifunze kwa mpangilio huu: Mitindo, kisha namba za ngazi, kisha marejeo, halafu yaliyomo. Baada ya hapo mgawanyo wa sehemu, ili kurasa za mwanzo zipate namba za kirumi na zilizobaki za kawaida. Mwisho kabisa kufuatilia mabadiliko na kulinganisha matoleo mawili ya hati. Hilo la mwisho ni la lazima, kwa sababu upande wa pili ukikurudishia mkataba, usiamini kwamba kila walichogusa wamekiwekea alama. Linganisha wewe mwenyewe na toleo ulilowapelekea.

Yote hayo Microsoft wanayafundisha bure. Njia ya pili, basi.

Wakili_Mtarajiwa:
Shikamoo Bibi. Hapo sikubaliani nawe kabisa. Nilichukua kozi ya kulipia na sijutii.

Mafunzo ya bure yanakujibu swali ulilonalo. Mgeni hana maswali, kwa sababu hajui kuna nini cha kuulizia. Mimi nisingewahi kutafuta habari za ushahidi wa kielektroniki kwa hiari yangu. Kozi ndiyo iliyonionyesha mchoro wa EDRM (Electronic Discovery Reference Model), uliobuniwa mwaka 2005, unaopanga kazi hiyo kwa hatua: kutambua taarifa ziko wapi, kuzihifadhi zisiguswe, kuzikusanya, kuzichakata, kuzipitia, kuzichambua, kuzikabidhi kwa upande wa pili na kuziwasilisha mahakamani. Ukiuelewa huo, mteja akikuletea simu yenye jumbe za mgogoro hutamwambia "nitumie tu picha za skrini". Utajua kwamba faili lina tarehe zake na taarifa nyingine zisizoonekana usoni, na kwamba kulihamisha ovyo kunaweza kuzibadilisha.

Cheti chenyewe sikitetei sana. Kilichonisaidia ni mazoezi yenye mtu wa kuyasahihisha.

Kibogoyo_wa_PDF:
Jalada, nirudi kwenye swali la jina la mtoto, maana hilo ndilo linaloweza kuiaibisha ofisi nzima kwa siku moja.

Mwezi Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump ya 2016 huko Marekani, waliwasilisha hati mahakamani ikiwa na mistari iliyozibwa kwa rangi nyeusi. Waandishi wa habari walinakili sehemu hiyo nyeusi, wakaibandika kwenye ukurasa mwingine, na maneno yote yakatokea. Kilichokuwa kimefichwa, ikiwemo habari ya kumpa mshirika wake wa kazi, Konstantin Kilimnik, takwimu za kura za maoni, kikawa habari ya dunia. Mstari mweusi ulikuwa pambo tu juu ya maandishi, na maandishi yalibaki palepale chini yake.

Katika Acrobat Pro kuna zana mahususi ya kazi hii, inaitwa Redact. Unaweka alama unachotaka kiondoke, halafu unathibitisha. Wengi wanaishia kwenye alama, na alama peke yake haifuti chochote. Ukishathibitisha, ondoa pia metadata (taarifa za faili zisizoonekana usoni, kama jina la mwandishi na tarehe) na maoni yaliyojificha, uhifadhi kwa jina jipya, asilia ibaki salama. Kisha jaribu kama adui angejaribu: tafuta lile jina kwa Ctrl+F, nakili ukurasa mzima uubandike kwingine, soma kinachotoka. Angalia na jina la faili lenyewe. Nimeona hati iliyofichwa vizuri sana ndani, halafu faili limeitwa kwa jina la yuleyule anayefichwa.

Acrobat Reader ya bure haina zana hiyo. Ukiwa huna toleo la kulipia, chapisha nakala, ziba kwa wino, skani upya, halafu hakikisha wino hausomeki ukiongeza mwanga wa picha. Utapoteza uwezo wa kutafuta maneno mpaka uipitishe tena kwenye utambuzi wa maandishi, lakini siri itabaki siri.

Bibi_Masjala:
Marahaba, Mtarajiwa. Hoja ya mgeni kutokuwa na maswali naikubali. Lakini kozi nyingi za kulipia nilizoletewa na vijana wangu hufundisha vitufe vya programu moja ya kusimamia mashauri. Kijana anakwenda ofisi nyingine anakuta programu nyingine kabisa, anarudi sifuri.

Mzee_wa_Ankara:
Si sifuri, Bibi. Clio, MyCase, Smokeball, LEAP, Actionstep, chagua utakayo, mifupa ni ileile. Kuna jalada la shauri. Jalada lina watu: mteja, mpinzani, mashahidi. Lina kalenda, hati, muda uliotumika na fedha. Mtu akishaelewa kwamba kila barua pepe, kila simu na kila saa ni lazima iangukie kwenye jalada fulani, vitufe atavizoea.

Mambo mawili ningemwambia Jalada ayajue kabla ya kugusa programu yoyote. Kwanza ni kurekodi muda. Ofisi nyingi zinazotoza kwa saa huigawa saa katika sehemu 10 za dakika 6, hivyo simu fupi inaandikwa 0.1 na nusu saa ni 0.5. Andika palepale, pamoja na maelezo yanayojitosheleza. "Kazi ya jalada, 2.0" ni maelezo yatakayorudishwa na mteja yeyote mwenye macho. La pili ni mgongano wa maslahi. Kabla jalada halijafunguliwa, majina yote yatafutwe kwenye mfumo, na mfumo hautafuti vizuri kuliko ulivyoandikiwa. Kampuni moja ikiingizwa kwa jina kamili leo na kwa kifupi chake kesho, utafutaji utasema hakuna mgongano ilhali upo.

Mafunzo ya bure ya mtengenezaji mmoja yanatosha kukuonyesha mifupa hiyo. Usiyakariri.

Kijana_wa_Wingu:
Mnamchosha mwenzenu bure. Sasa kuna akili mnemba. Ajifunze kuiamuru ChatGPT vizuri, hayo ya Mitindo na marejeo yatafanywa na mashine.

Wakili_Mtarajiwa:
Ndugu yangu, tafuta shauri la Mata dhidi ya Avianca, New York, 2023. Mawakili waliwasilisha hoja zenye mashauri yaliyotungwa na ChatGPT. Wakili mmoja aliiuliza mashine yenyewe kama shauri ni la kweli, ikamjibu ndiyo. Mwezi Juni Jaji Castel akawatoza faini ya dola 5,000. Swali la msingi ni nani anafungua kila rejeo na kulisoma kabla wakili hajasaini. Katika ofisi nyingi huyo ni msaidizi wa kisheria.

Kibogoyo_wa_PDF:
Na kabla ya kubandika maelezo ya mteja kwenye chombo chochote cha mtandaoni, uliza ofisini kama kinaruhusiwa. Siri ya mteja haigeuki kuwa mali yako kwa sababu kisanduku cha kuandikia kiko wazi.

Kijana_wa_Wingu:
Sawa, lakini kufupisha ushahidi wa kurasa nyingi inafaa. Naitumia hivyo, kwa mfumo ambao ofisi yetu imeuidhinisha, halafu nasoma asilia nikilinganisha.

Bibi_Masjala:
Ukisoma asilia sina ugomvi nawe.

Tarehe_ya_Mwisho:
Hakuna aliyemtetea mzoefu, ngoja nimtetee mimi.

Kuna mambo hayamo kwenye kozi yoyote: mahakama yenu inapokea faili la ukubwa gani, vielelezo vinaunganishwa au vinapandishwa kimoja kimoja, majina ya mafaili yaandikweje, mfumo unafunga saa ngapi siku ya mwisho, na ukikataa kupokea unampigia nani. Mzoefu anayo yote hayo kichwani. Mkalie karibu, uandike.

Ila usimeze kila anachofanya. Wazoefu wengi ndio wenye folda zenye "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli". Tarehe ianze mbele ya jina kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-03-14, mafaili yatajipanga yenyewe, na namba ya toleo ikae mwishoni.

Na msisahau Excel. Mfuatano wa matukio ya shauri ukiwa kwenye jedwali, tarehe safu moja, tukio safu ya pili, kielelezo safu ya tatu, wakili ataupanga na kuuchuja atakavyo. Excel huzihesabu tarehe kama namba kuanzia Januari 1, 1900, ndiyo maana unaweza kutoa tarehe moja kwenye nyingine ukapata siku. Fomula ya WORKDAY inaruka mwisho wa juma, na sikukuu pia ukiiwekea orodha. Lakini kama siku ya kwanza inahesabiwa au haihesabiwi, hilo linaamuliwa na kanuni za mahakama. Excel haizijui kanuni. Hesabu kwa fomula, kisha hesabu kwa kalenda, na mtu wa pili aangalie.

Jalada_Jipya:
Asanteni sana. Nikiwasikiliza naona mnanisukuma kwenye Word na PDF sasa hivi kwa mafunzo ya bure, mzoefu nikishaingia, na kozi baadaye kama ofisi ina kazi ya ushahidi wa kielektroniki. Mtarajiwa, hiyo ya mwisho ni sawa?

Wakili_Mtarajiwa:
Ni sawa kama ofisi yako ni ya mikataba na mirathi. Kama ni ya mashauri makubwa ya kampuni, ningeitanguliza. Na kabla hujalipa waulize jambo moja: mwanafunzi anaingia kwenye programu yenyewe na kuitumia, au anatazama video za mtu mwingine akiitumia? Kama ni video tu, hifadhi fedha zako.

Jalada_Jipya:
Na mazoezi ya Word niyafanyie kwenye hati gani? Sina mkataba wa mtu, na nadhani sipaswi kuwa nao.

Bibi_Masjala:
Hupaswi. Nenda kwenye hazina ya EDGAR ya tume ya dhamana ya Marekani, SEC. Kampuni zinazouza hisa huko huwasilisha mikataba yao mikubwa na mtu yeyote anaisoma bure. Chukua mkataba wa mkopo, hiyo ndiyo yenye vifungu visivyokwisha. Ubandike kwenye Word kama maandishi matupu, bila umbo lolote. Futa namba zote zilizokuja nazo. Kisha ujenge upya: vichwa, namba za ngazi, kila rejeo liunganishwe, yaliyomo mwanzoni.

Ukimaliza, ingiza kifungu cha uongo katikati na kingine ukifute, sasisha yote, halafu tafuta neno "Error". Word huliandika hilo popote rejeo lilipopoteza kifungu chake, na hati ya namna hiyo haitoki nje ya ofisi.

Kibogoyo_wa_PDF:
Hiyohiyo uigeuze PDF, ugawanye iwe vielelezo, uviwekee alamisho na namba za Bates, yaani namba za mfululizo zinazowekwa kwenye kila ukurasa ili uweze kunukuliwa. Acrobat Pro inaziweka kwa mafaili mengi kwa pamoja. Ukiweza kuingiza kurasa zilizosahaulika bila kubadilisha namba ambazo upande wa pili wamekwisha kuzinukuu, umeiva. Kidokezo: herufi baada ya namba, 000145A.