Tupeane uzoefu: wewe au mwanao mliwahi kuitwa kilaza?

Mleta mada: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia shule ya kata, huku pwani. Niliwahi kuwa na mwanafunzi wa kidato cha kwanza, dawati la mwisho, majaribio yote sifuri. Ofisini tulimwita kilaza, na mimi nikiwemo. Siku moja nafundisha kwa Kiingereza kinachofanya chombo kisipinduke. Kimya. Nikachoka, nikauliza kwa Kiswahili: ngalawa nyembamba vile, tanga kubwa vile, mbona haipinduki? Mkono wa kwanza ulikuwa wake. Akaja ubaoni, akachora mirengu miwili, ile miti ya pembeni inayoizuia ngalawa isipinduke, upepo unakotokea, mrengu upi unakandamizwa majini, na kwa nini baharia huhamia upande wa juu. Kumbe kwao ni mafundi wa ngalawa. Miaka saba alisoma kwa Kiswahili, sisi tukambadilishia lugha Januari moja tu, halafu tukamwona mjinga. Tangu hapo kila jaribio langu lina swali la kujibu kwa mdomo, kwa lugha yoyote. Mwenye kisa chake atusimulie.

Mchangiaji 1: Asante mwalimu. Mwanangu akiwa darasa la nne niliitwa shuleni, shule ya kulipia, nikaambiwa nimhamishe kabla ya mtihani wa taifa, atashusha wastani. Mtoto huyohuyo alikuwa ameniundia taa ya jikoni kwa vifaa vya redio mbovu. Nilimhamisha. Nililia ndani ya daladala.

Mchangiaji 2: Mimi nilikuwa kipanga, yaani mkali wa mitihani. Nilikariri mitihani ya miaka iliyopita, nikachaguliwa shule ya vipaji maalumu. Hakuna aliyeniuliza kipaji changu ni kipi, walitazama alama. Chuo mwaka wa kwanza mhadhiri akaniuliza, "Wewe unaonaje?" Nikaduwaa. Sikuwahi kuulizwa hivyo maishani.

Mchangiaji 3: Huku Kenya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho ilifanywa 2023. Binti yangu anasoma mtaala mpya wa umilisi, unaotazama mtoto anaweza kufanya nini. Mradi wake wa kwanza nilimtengenezea mimi usiku, asije akaonekana hajui. Mwalimu akaurudisha, anataka wa mtoto. Akapeleka mdoli wa maganda ya mgomba, mguu mmoja mrefu, akaeleza kuwa anapanda mlima.

Mleta mada: Dada yangu, huyo wa taa yuko wapi sasa?

Mchangiaji 1: Yuko sekondari, mkondo wa amali, yaani wa ufundi, anasoma umeme. Kwa mikono yuko vizuri sana, mwalimu wake anamsifu. Lakini kunyoosha kidole darasani anaogopa mpaka leo. Humnong'oneza jirani amuulizie.